Mama Ikupa, Aliyetunza Saa Zetu za Usukani

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Gwalugano Kibona, fundi mkuu wa kompyuta, anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Udereva na Ufundi Mwangaza, hapa Chapwa, Tunduma, kwa miaka thelathini na mmoja kamili. Jina hilo la Bi. Gwalugano mtaliona kwenye barua ya kustaafu tu. Sisi tunamwita Mama Ikupa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wanafunzi wengine wamehitimu bila kujua kwamba ana jina jingine.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Luka Simbeye, mwalimu wa udereva. Wapo wenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Nadhani Mkuu wa Chuo amenichagua kwa sababu anajua kuna jambo nilipaswa kulisema mbele za watu miaka sita iliyopita, nikalisemea chumbani. Nitalifikia.

Mama Ikupa alizaliwa Mbebe, wilayani Ileje, mwaka 1965. Aliajiriwa hapa tarehe 1 Julai 1994 akiwa mpiga chapa, akakabidhiwa meza, kiti chenye mguu mfupi na taipureta ambayo herufi M ilikuwa imekatika. Jaribuni kuandika Kiswahili bila M. Mitihani yote ya mwaka ule ilipigwa chapa ikiwa na mapengo, kisha yeye akapita na kalamu nyeusi kuyajaza, karatasi moja baada ya nyingine. Wahitimu wa wakati huo wanasema hawajawahi kuona M nzuri kama zile.

Mwaka 1999 chuo kilipata kompyuta yake ya kwanza. Mama Ikupa aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya njano, na ilikuwa ikifunuliwa asubuhi na kufunikwa jioni kama redio ya mgeni. Tulimcheka. Yeye akasema vumbi la Chapwa halijui kompyuta ni nini. Kompyuta za ofisi za jirani zilikufa baada ya miaka mitatu, minne. Ile yetu ilifanya kazi miaka kumi na moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo aliyekuwa akiifungua tumbo na kuirudishia alikuwa yeye. Alikuwa amesoma kitabu cha maelekezo akiwa na kamusi pembeni, kisha akaenda kozi ya wiki mbili Mbeya, akarudi akiwa anajibu maswali ambayo sisi hatukuwa tumejua kuyauliza. Mwaka 2010 alipandishwa cheo rasmi kuwa fundi wa kompyuta.

Halafu likaja gemu la lori.

Mwaka 2016 wafadhili walituletea kompyuta kumi na mbili zenye usukani na pedeli, pamoja na gemu la kufundishia kuendesha lori la mizigo. Nilisimama kwenye kikao cha wafanyakazi nikasema sitafundisha madereva wa Tunduma kwa mdoli. Mama Ikupa hakubishana. Aliniomba tu nikae niendeshe dakika kumi. Ndani ya dakika sita nilikuwa nimelaza lori la gemu kwenye mteremko, na jasho lilikuwa la kweli. Tangu hapo chuo kikaweka utaratibu: mwanafunzi hapandi lori la chuo, wala hapelekwi kwenye usaili wa kampuni, mpaka awe na saa arobaini za gemu. Saa hizo zinahesabiwa na gemu lenyewe na kuseviwa kwenye faili la kila mwanafunzi. Faili likipotea, saa zimepotea, na hakuna shahidi mwingine.

Basi hapo ndipo kazi kubwa ya maisha yake ilipoanzia, maana zile kompyuta zilikuwa za makabila mawili. Saba zilitumia Windows na tano Linux. Gemu lilikuwa lilelile, ila kila kabila lilikuwa na mahali pake pa kuficha faili. Wiki ya kwanza mwanafunzi aliendesha saa nne kwenye kompyuta namba tatu, kesho yake akakaa kwenye namba tisa, akakuta lori lake halijawahi hata kuwashwa. Kuna aliyelia. Mama Ikupa akazunguka mashine zote kumi na mbili na daftari lake la kaunta, akaandika njia ya kufikia faili katika kila moja: diski ipi, folda ipi, ndani ya folda ipi. Alituambia hiyo ni kama kumwelekeza mgeni nyumba ya mtu. Wa Windows wanaanza kwa kukuuliza uko upande gani wa mpaka. Wa Linux wanataka wakuanzishe barabara kuu hata kama mnaishi mtaa mmoja. Nyumba inayotafutwa ni ileile.

Kwa njia hiyo akawa mtu anayejua siri zetu zote. Alijua ni mwanafunzi gani aliyejiandikisha kwenye gemu kwa jina la USINIFUTE. Alijua ni nani aliyekuwa na malori mawili bila habari, kwa sababu kwenye Linux alijiandikisha mara moja kwa herufi kubwa na mara moja kwa ndogo, na mashine ikawahesabu kuwa watu wawili. Alijua pia ni nani aliyejiita MWL LUKA TUMBO, akakaa na siri hiyo miaka minane, akanionyesha juzi tu wakati tunapanga makabati. Namjua sasa. Ana mtoto wa kike na biashara nzuri, na nimemsamehe kiasi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mwaka 2019 tulikuwa na mwanafunzi aitwaye Witness, mama wa watoto wawili, umri wake miaka thelathini na mitatu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akipika wali kwenye maegesho ya malori, eneo la Mpemba. Siku ya kujiandikisha nilimuuliza kwa nini anataka udereva. Akanijibu: “Mwalimu, nimewapikia madereva miaka tisa. Nimechoka kuwaona wakiondoka.” Nilicheka, lakini jibu lile sikulisahau.

Mwezi Machi mwaka huo kampuni moja ya usafirishaji ilitangaza kwetu nafasi sita za madereva. Sharti lilikuwa moja: orodha ya wenye saa arobaini ifungwe Jumamosi ya wiki ya tatu, saa sita mchana, usaili ufanyike Jumatatu. Witness alikuwa na saa ishirini na mbili, na wakati huohuo shangazi yake, Loisi, alikuwa amefanyiwa upasuaji upande wa pili wa mpaka, Nakonde, na hakuwa na mtu wa kumuuguza. Kwa wengi wetu hapo safari ingekuwa imeishia. Mama Ikupa akampa laptopu ya chuo, akatia usukani na pedeli kwenye kiroba cha mchele, akamwambia: “Nenda kauguze, mwanangu, na usukani ukae hapohapo kitandani kwa mgonjwa.” Pale mpakani walifungua kiroba wakamuuliza gari lenyewe liko wapi.

Kwa wiki tatu Witness alikaa Nakonde. Aliosha kidonda, alipika uji, na shangazi akilala yeye aliendesha. Kila siku alihifadhi saa zake kwenye flashi. Ijumaa, siku moja kabla ya orodha kufungwa, alitimiza saa ya arobaini, akafunga kiroba chake, akavuka mpaka.

Alifika chuoni saa nane mchana. Mama Ikupa akachomeka flashi kwenye mashine kuu, na programu aliyokuwa ametengeneza mwenyewe ikafanya kazi yake: ikalinganisha faili la kwenye flashi na lile la chuoni, ikabakiza lililo jipya, ikafunika la zamani popote lilipo, chuoni au kwenye flashi, ikaandika tayari. Laptopu ikasafishwa palepale, kwa sababu kulikuwa na mwanafunzi mwingine anayeisubiri. Kisha wakafungua gemu kuangalia saa za Witness. Zilikuwa ishirini na mbili.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na wanafunzi kama ishirini waliokuja kuangalia orodha. Nilisema, kwa sauti ambayo walimu wa udereva tunayo, kwamba saa za kuendesha haziendeshwi na mgonjwa, na kwamba mtu akitaka kukaa kwa shangazi akae, lakini asitudanganye. Wanafunzi wakacheka. Witness hakucheka wala hakulia. Alisema: “Mwalimu Luka, sijaiba saa ya mtu. Shangazi ananiona kila siku.” Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mama Ikupa akageuka kwenye kiti. “Mwe! Mwacheni mama wa watu. Hajadanganya. Mashine ndiyo imesema uongo, na aliyeifundisha ni mimi.”

Wakati anasema hivyo alikuwa bado hajui kosa liko wapi. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Alimwamini mtu kwanza, ndipo akaenda kutafuta sababu. Mimi nilikuwa nimeanza na mashine.

Akafungua kaunta, akamkalisha Witness karibu naye, akamuuliza polepole kama anavyouliza daktari. Ulimaliza kuendesha saa ngapi? Saa tano na nusu, mama. Akaandika. Halafu akainua kalamu, akauliza: “Saa tano na nusu ya wapi?”

“Ya kule, mama. Niliweka laptopu saa za Nakonde, nisikosee saa za dawa za shangazi.”

Ninyi wa Tunduma mmeshaelewa. Kwetu saa sita na nusu, kule saa tano na nusu. Tunaishi na saa mbili tangu tumezaliwa, tunauliza hata kwenye harusi kwamba ni saa ya huku au ya kule, lakini hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine. Na flashi haiandiki nchi. Inaandika saa tu. Hata hivyo saa moja peke yake isingemdhuru Witness kama chuoni kusingekuwa na faili lililoguswa ndani ya saa hiyohiyo. Mama Ikupa akaangalia nani aliyeligusa. Saa sita na dakika tano mchana, Ijumaa hiyo, mtu alifungua faili la zamani la Witness, akaangalia, akafunga. Na gemu lile ukilifunga linajisevu lenyewe, hata kama hukuendesha hata hatua moja.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nikiandaa orodha, nikataka kujihakikishia kwamba Witness hafiki arobaini. Kwa hiyo faili langu la bure likasomeka saa sita na dakika tano, lake la kweli likasomeka saa tano na nusu, na programu ikachagua langu, ikafunika lake hata kwenye flashi.

Mama Ikupa hakunitaja. Alichukua karatasi akamwandikia Mkuu wa Chuo, Mwalimu Ambwene, kwamba kosa ni la utaratibu alioutengeneza yeye, kwamba Witness asiadhibiwe, na kwamba yuko tayari kueleza mwenyewe mbele ya kampuni. Mwalimu Ambwene aliisoma mara mbili, akasikitika kweli, akasema kampuni inataka faili, haitaki barua. Witness alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na kiroba chake miguuni. Kesho saa sita nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Ndipo Mama Ikupa akatoka akamuuliza swali la mwisho: kila siku ulipokuwa unahifadhi kwenye flashi, ulikuwa unafanyaje? Witness akasema alikuwa anafuta kwanza lile la jana, kisha anaweka la leo, flashi isijae. Alisema kwa aibu, kana kwamba anakiri kosa jingine. Mama Ikupa akamshika mabega, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nzima.

Laptopu ile ilikuwa ya Linux. Ukifuta kitu cha kwenye flashi kwa Linux, mara nyingi hakifutwi. Kinasukumwa kwenye folda ya takataka iliyo ndani ya flashi hiyohiyo, na jina la folda hiyo linaanza na nukta, kwa hiyo kwenye Linux huioni kirahisi. Mashine kuu nayo ilikuwa ya Linux. Mama Ikupa akachomoa flashi, akaenda nayo kwenye kompyuta namba tatu, ile kongwe ya Windows tuliyokuwa tukiidharau kuliko zote, kwa sababu Windows haijui adabu hiyo ya nukta na inaonyesha kila kitu. Na kweli, folda ilikuwa imekaa pale kweupe. Ndani yake kulikuwa na siku zote za Witness, wiki tatu mfululizo, mpaka Alhamisi ya mwisho. La Alhamisi lilikuwa na saa thelathini na nane.

Zilibaki saa mbili. Jumamosi saa mbili asubuhi Witness alikaa kwenye usukani, Mama Ikupa akiwa amelirudisha faili kwenye njia yake sahihi na kuandika njia hiyo kwenye kaunta mara mbili, ya Windows na ya Linux. Mimi nilikaa pembeni kama mwalimu anavyopaswa kukaa. Nilimwona akishuka ule mteremko ulionilaza mimi, gia ya chini, breki kidogo kidogo, hana haraka. Umeme wa Chapwa ulituonea huruma, haukukatika hata mara moja. Saa nne na dakika chache gemu likaandika arobaini, na jina lake likaingia kwenye orodha likiwa la sita.

Siku hiyo nilimwomba Witness radhi. Lakini chumbani tulikuwa watatu, wakati nilimtuhumu mbele ya watu ishirini. Witness, ninakuomba radhi hapa, kwenye maandishi, mbele ya chuo kizima na wageni wake. Hukudanganya. Mimi ndiye niliyeligusa faili lako, na Mama Ikupa amelibeba kosa hilo kwa jina lake miaka sita bila kunikumbusha hata kwa utani.

Wiki iliyofuata aliifumua programu yake. Tangu hapo mashine haifuniki faili lolote mpaka mtu asome kwanza saa zilizoendeshwa katika yote mawili. Akatundika ukutani saa mbili, moja ya Tunduma na moja ya Nakonde, na kila laptopu inayovuka mpaka inaandikwa kwenye kaunta inafuata ipi. Vyuo viwili vya mkoa huu vimekuja kuiga utaratibu huo. Katika miaka sita hii hakuna mwanafunzi wetu aliyepoteza hata saa moja, na wanafunzi waliopita kwenye usukani ule ni zaidi ya mia saba.

Kaunta zenyewe sasa ni tisa. Amemkabidhi Bi. Fausta wa ofisi ya mitihani, ambaye amekuwa akijifunza kwake tangu mwaka jana, na amemwambia kwamba mashine zitabadilika, njia zitabadilika, ila amsikilize mtu kabla ya kuifungua mashine. Ofisini tutaikosa chai yake ya tangawizi. Tutakosa pia namna anavyobisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe kama ndani kuna mwanafunzi anafanya zoezi. Na mimi nitamkosa sana, basi, niseme hivyo bila kupamba.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Mwanamke huyu aliyetunza saa za madereva mia saba hajui kuendesha. Kwenye gemu ana jina lake, amejiandikisha ili kujaribia mashine, na saa zake mpaka leo ni sifuri. Anasema kazi yake ilikuwa kuhakikisha wengine wanafika.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya sherehe, atapelekwa. Mume wake, mzee Rubeni, anamsubiri Mbebe na maharage yake na migomba michache. Vyombo vitapakiwa kwenye lori, pamoja na kiti chenye mguu mfupi, ambacho ameomba aondoke nacho. Dereva ameomba likizo kwa mwajiri wake tangu siku nyingi, akaazima lori, akakataa katakata kusaidiwa. Ni Witness. Ana mwaka wa sita barabarani, na shangazi Loisi, mzima wa afya, anavuka kutoka Nakonde kuja kushuhudia.

Juzi Mama Ikupa alifunga kaunta ya tisa. Bi. Fausta aliniita nione mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa mwandiko ule wa M nzuri. Haukuwa wa faili la mtu yeyote. Ulisomeka hivi: /Chapwa/Mpemba/Ileje/Mbebe/nyumbani. Chini yake, kwenye nafasi ya jina, ameandika Gwalugano, na kwenye nafasi ya dereva, Witness.

Mama Ikupa, ndaga, asante kwa yote. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na wajukuu wasiogusa kitambaa chako cha kufuma. Nanyi mnaotaka kumuaga, lori linatoka getini saa nane mchana. Saa nane ya huku.